Usife Kabla ya Machi

Nyumbani kwa Gilbert Callewaert, pale kijijini Wulfsbeke, hakuna aliyeruhusiwa kuoa, kuzaa wala kuugua wakati wa baridi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila aliyeingia katika ukoo ule aliijua mapema. Harusi yake na Godelieve ilifungwa mwezi wa Mei. Mtoto wao wa pekee, Brecht, alizaliwa Juni, na majirani walicheka wakisema hata mimba katika nyumba ile hutungwa kwa kalenda ya kros.

Kros ndiyo ilikuwa dini ya Gilbert. Ni mbio za baiskeli, ila si za barabarani. Watu hushindana mashambani, katika matope na mchanga na vilima vya utelezi, na pale baiskeli inaposhindwa kumbeba mtu, mtu huibeba baiskeli begani akakimbia nayo. Gilbert alishindana ujanani miaka mingi asipate kushinda hata mara moja. Na aliyeshindwa kwa mguu wake hutafuta mguu wa mwanawe.

Godelieve hakuolewa akiwa amefumba macho. Alikuwa binti wa Wulfsbeke, mshonaji katika kiwanda cha mapazia, na alijua fika anaolewa na mtu wa namna gani. Miaka ile msimu wa kros ulivumilika. Ulianza viazisukari vinapong'olewa mashambani, mnamo Oktoba, ukaisha katikati ya Februari, muda mfupi baada ya watu kula chapati za maji za sikukuu ya Mishumaa. Baridi ilikuwa ya Gilbert, mwaka uliobaki ulikuwa wa mkewe. Godelieve aliona ni haki. Kuna wanawake waume zao huendesha malori hadi Uhispania, alijiambia, na wao hawapewi hata kiangazi.

Lakini msimu haukukaa mahali pake. Kila mwaka waandaaji waliongeza mbio moja huku na nyingine kule. Televisheni ikataka, wafadhili wakataka, na kamati za vijiji hazikukubali kupitwa na kijiji jirani. Msimu ukavuka Oktoba ukaingia Septemba, vijana wakawa wanakimbia kwenye vumbi huku jasho likiwatiririka na mahindi bado yamesimama shambani. Upande wa pili ukasogea hadi mwisho kabisa wa Februari. Na katikati, baina ya Krismasi na siku za kwanza za Januari, ambapo zamani palikuwa na mbio mbili tatu, sasa zikawa karibu kila siku, leo mji huu, kesho ule, kwa sababu watu wako likizo na wanachoka kukaa ndani na mashemeji zao.

"Msimu huu umeota miguu," Godelieve alimwambia mumewe mwaka mmoja, akisoma ratiba iliyobandikwa kwenye jokofu.

"Miguu gani? Umeota mabawa!" Gilbert alijibu, akisugua mikono kwa furaha.

Kazi ya Gilbert ilikuwa kutengeneza boila za kupashia nyumba joto. Boila huharibika baridi ikikolea, na wateja walimpigia Jumamosi na Jumapili wakitetemeka. Hakuwapokea. Pale kijijini watu walikuwa na msemo wao: ukitaka Gilbert akutengenezee boila, ihimize iharibike Mei.

Brecht alipotimiza miaka minane, baba yake alimpandisha kwenye baiskeli ya kros. Alipofikia utu uzima alikuwa na mkataba na timu ndogo, na jina lake lilisomwa kwenye vipaza sauti kila mwisho wa wiki, kwa kawaida mahali fulani kati ya nafasi ya kumi na tano na ya ishirini na tano. Hakuwa mzembe. Alikuwa mzuri kiasi cha kutokata tamaa, na hicho ndicho kipimo kibaya kuliko vyote.

Katika kros baiskeli moja haitoshi. Matope huganda kwenye mnyororo na magurudumu mpaka inakuwa nzito kama ng'ombe, kwa hiyo kando ya njia huwekwa banda ambamo mtu wako hukusubiri na baiskeli nyingine, safi. Unafika mbio, unaruka, unaitupa chafu, unanyakua safi, unaondoka. Yule uliyemwachia chafu huikimbiza kwenye mabomba ya maji ya presha, akaiosha na kuipaka mafuta, na akarudi kusimama kabla hujamaliza mzunguko. Kwa Brecht, mtu huyo alikuwa mama yake.

Na Godelieve aliipenda kazi ile, ukweli usemwe. Walimwonea huruma bure waliodhani analazimishwa. Pale bandani, kati ya wanaume wenye mabuti na sigara, alikuwa na mahali pake. Mwanawe alipotokea kwenye kona, uso umefunikwa na tope, jicho lake lilimtafuta mtu mmoja tu kati ya maelfu yale. Mama gani angekataa kutafutwa hivyo?

"Lieve, mkono wako mwepesi kuliko wa fundi wangu," alitania mkuu wa mafundi wa timu moja kubwa. "Njoo kwetu, tutakulisha vizuri."

"Fundi wako ana vidole kama soseji," Godelieve alijibu. "Mlishe yeye kidogo, labda vitapungua."

Aliyelipa kwa hayo yote alikuwa Mama Irma, mamake Godelieve. Mjane, mwembamba, mkali wa ulimi, alikaa peke yake nyuma ya kanisa hadi magoti yalipomkatalia, kisha akahamia nyumba ya wazee. Aliyemfulia, aliyempeleka kwa daktari wa macho, aliyeketi naye Jumapili za mvua, alikuwa Roswitha, binti yake mkubwa. Godelieve alikuja kiangazi. Kiangazi alikuja sana, na keki na maua na hadithi, kama mtu anayerudisha kwa gunia alichoiba kwa kibaba.

"Nyie mna mama wa nusu mwaka," Roswitha alimwambia siku moja. "Nusu yenye jua. Ile nyingine mmenipa mimi."

"Dada, unajua msimu..."

"Najua. Naona kwenye televisheni. Juzi nilikuona umeshika baiskeli. Mama naye alikuona. Akasema, 'Lieve amekonda.' Ndiyo ziara yako ya Novemba hiyo."

Kila mwaka Mama Irma aliomba jambo lile lile, bila kulia wala kulalamika: Krismasi moja tu wakiwa wote mezani. Na kila mwaka Gilbert alimjibu kwa mzaha, kwa kuwa alimpenda yule mzee kwa namna yake.

"Mama, sisi Krismasi yetu iko Machi. Bata mzinga wa Machi ni mtamu zaidi, amepata muda wa kufikiri."

"Na mimi je, nikifa Desemba?"

"Usife kabla ya Machi, Mama! Ukisubiri Machi, kaburi nitalichimba mwenyewe. Matope nimeyazoea."

"Nitajaribu, mkwe wangu," alisema Mama Irma, "ila kalenda yangu haipangwi na chama cha baiskeli."

Wakacheka wote, hata Roswitha.

Mwaka ulioleta mambo yote, Brecht alikuwa anamaliza mkataba wake. Timu haikuwa imesema kitu, na timu isiposema kitu kila mtu anajua maana yake. Mwanzoni mwa Desemba Mama Irma aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walimpasua, kisha nimonia ikaingia. Daktari aliwaita mabinti wote wawili kwenye chumba kidogo chenye sanduku la tishu mezani, na walipoliona lile sanduku walijua kabla hajafungua kinywa.

Godelieve alikwenda hospitali kila jioni akitoka kiwandani. Krismasi yenyewe alikaa huko kutwa, kwa kuwa siku hiyo, kwa bahati, hakukuwa na mbio. Alimlowesha mama yake midomo kwa kipande cha sponji, akamchana nywele. Mama Irma alifumbua macho akaangalia mti wa plastiki waliouweka wauguzi dirishani, akamwangalia binti yake, akatabasamu. Godelieve alijiambia kwamba hapo deni limelipwa.

Siku ya pili ya Krismasi kulikuwa na mbio kubwa pale Heestervelde, mbio zinazotazamwa na nchi nzima. Godelieve alikuwa amekwisha kusema haendi. Asubuhi Gilbert aliingia jikoni na simu mkononi, uso umempauka.

"Firmin anatapika tangu jana." Firmin ndiye rafiki aliyekuwa ashike nafasi ya Godelieve bandani. "Hawezi hata kusimama."

"Tafuta mwingine."

"Nani? Leo? Kila mwenye mikono miwili ana mtu wake. Lieve, ni saa moja. Saa moja tu! Asubuhi unakuwa na mama, jioni unakuwa na mama."

"Gilbert, mama anakufa."

"Anakufa tangu wiki iliyopita," alisema Gilbert. Papo hapo akajuta, akaweka kiganja mdomoni. Lakini neno likishatoka halirudi.

Huenda Godelieve angebaki. Huenda. Lakini Brecht alikuwa amesimama mlangoni, amevaa soksi tu, na hakusihi wala hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, meneja wa timu atakuwepo leo. Usipokuwepo wewe, mimi nimekwisha." Kisha akapanda juu kufunga begi lake, maana alimjua mama yake.

Godelieve alipitia hospitali kwanza. Roswitha alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, akifuma. Aliona mabuti ya dada yake, akaona koti la mvua lenye jina la timu mgongoni, akaendelea kufuma.

"Nitarudi kabla ya giza," Godelieve alimnong'oneza mama yake.

Mama Irma alivuta pumzi kwa shida. "Nani anakimbia?"

"Brecht, Mama."

"Mwambie asianguke."

Heestervelde palikuwa na ukungu na matope ya ile aina mbaya, mazito, yanayoshika kama gundi. Waendesha baiskeli walibadilisha baiskeli kila nusu mzunguko, na Godelieve hakupata hata nafasi ya kufuta pua. Brecht alianza vibaya, kisha, ajabu, akaanza kupanda. Wakubwa waliteleza, mmoja akavunja mnyororo, na yeye, aliyezoea kuteseka nyuma, akajikuta matope yanamkubali. Wa kumi na mbili. Wa kumi. Kipaza sauti kilitaja jina lake na watu wakageuka kuuliza ni nani huyo.

Simu ilianza kutetemeka kwenye mfuko wa ndani wa koti la Godelieve wakati ameshika baiskeli safi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine chini ya kiti, macho kwenye kona. Aliihisi ubavuni kama mdudu. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Brecht akatokea. Akaruka, akatupa, akanyakua, akaondoka. Godelieve akabeba baiskeli chafu akakimbia kwenye bomba. Pale kwenye foleni ya bomba mikono yake ilikuwa huru kwa muda. Fundi mmoja aliyesimama nyuma yake alisema, "Lieve, simu yako inalia."

"Najua," alisema.

Wala hakuitoa. Hakuna aliyemzuia. Gilbert alikuwa mbali upande wa pili wa uwanja, akipiga mayowe kwenye kilima. Godelieve alijua ni Roswitha, na alijua Roswitha hapigi simu kuuliza matokeo. Alifungua maji, akaosha gurudumu la mbele, akaosha la nyuma, akapaka mnyororo mafuta, akarudi kusimama mahali pake. Simu ikatetemeka mara ya tatu, kisha haikutetemeka tena.

Brecht alimaliza wa saba. Hakuwahi kufika hapo maishani mwake. Gilbert alikuja mbio, akamnyanyua mkewe juu, akamzungusha, matope na machozi usoni. "Wa saba! Wa saba, Lieve! Umeona?" Meneja wa timu alimpiga Brecht begani mbele ya kamera. Watu wasiowajua waliwaletea bia. Godelieve aliposhushwa chini alivua glavu zake, akatoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni.

"Mama ameshakufa," alisema.

Gilbert aliganda na glasi mkononi. "Lini?"

"Mzunguko wa tano."

Mazishi yakazua ugomvi mpya. Kulikuwa na mbio keshokutwa yake, na nyingine, na nyingine, hadi baada ya Mwaka Mpya. Gilbert, kwa nia njema kabisa, alitoa ratiba kwenye jokofu akaiweka mezani mbele ya mashemeji.

"Tarehe mbili Januari hakuna kitu," alisema. "Siku tulivu. Tutakuwa wote, hakuna haraka."

Roswitha aliitazama ile karatasi, akamtazama yeye. "Mama yangu akae kwenye jokofu la hospitali mpaka baiskeli zipumzike?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Umesema hivyo hivyo. Anazikwa Ijumaa. Anayetaka kuja aje, anayetaka kuendesha baiskeli aendeshe."

Ijumaa hiyo mbio zilikuwa alasiri. Gilbert na Brecht walikuja kanisani wakiwa wamevaa nguo za mazoezi ndani ya makoti meusi. Brecht aliweka mkono juu ya jeneza la bibi yake, akalia kweli, mabega yakimtikisika. Udongo ulipokwisha kumwagwa walimbusu Godelieve wakaondoka, gari limeegeshwa tayari likielekea barabarani. Yeye alibaki. Alikuwa ameapa kwamba angalau atabaki.

Baada ya mazishi watu waliingia kwenye mgahawa ulio mkabala na kanisa kwa kahawa na mikate yenye nyama na jibini, kama ilivyo desturi. Ulikuwa mgahawa wa siku zote, wenye baa, na juu ya baa palikuwa na televisheni. Nani aliyeiwasha hakujulikana. Mwanzoni sauti ilikuwa imezimwa. Kisha viti vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, na mabinamu waliokuwa wakimsifu marehemu wakaanza kusema nusu nusu huku jicho likiwa juu. Mjomba Remi, mzee mwenye masikio mabovu, alipaza sauti kuliko alivyokusudia:

"Lieve! Njoo uone! Mwanao yuko na kundi la mbele!"

Na Godelieve aligeuka.

Aligeuza kichwa, akasimama nusu kutoka kwenye kiti, kikombe mkononi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya Brecht, kwenye mnyororo, kuona kama umejaa tope. Alitazama kwa muda gani hakujua. Aliporudisha uso mezani, Roswitha alikuwa anamwangalia kutoka upande wa pili. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyehesabu jambo kwa miaka mingi na hatimaye akapata jibu. Alikunja kitambaa chake, akavaa koti, akatoka. Tangu siku hiyo hajamsemesha mdogo wake.

Jumapili iliyofuata, siku ya Mwaka Mpya, Godelieve alimwambia mumewe kwamba hasimami tena bandani.

"Una huzuni," alisema Gilbert kwa upole. "Maliza msimu tu. Machi tutakaa, tutaongea, tutakwenda baharini."

"Mimi nimekwisha kuongea."

Akabaki nyumbani. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui namna ya kuishi wakati wa baridi. Jumapili ya Januari ilikuwa kitu kigeni kwake, ndefu, ya kijivu, haina sauti. Hakuwa na rafiki wa kumtembelea, kwa kuwa marafiki wake wote walikuwa matopeni. Alioka keki akampelekea Roswitha. Roswitha aliipokea mlangoni, akasema "asante" kama anavyoambiwa mtu wa posta, akafunga. Hilo "asante" Godelieve hakulihesabu kuwa ni maneno.

Gilbert alimtafutia Brecht mtu wa bandani, kijana wa kulipwa, na mambo hayakuwa mabaya. Wala hayakuwa mazuri. Nafasi ya saba haikurudi. Wiki ya mwisho ya Februari timu ilimwambia Brecht, kwa simu, kwamba imemchukua Mholanzi wa miaka kumi na tisa. Meneja alisifu sana moyo wake wa kupambana.

Machi Gilbert alitaka kuongea, kama alivyoahidi. Alinunua hata tiketi za treni ya kwenda baharini. Lakini Godelieve alikuwa amekwisha kupanga chumba na jiko mjini Oudenaarde, juu ya duka la mkate, karibu na kituo cha basi la kiwandani. Hawakugombana. Gilbert alimbebea masanduku, akamtengenezea boila, akakaa kidogo kwenye kiti bila kuvua kofia. "Laiti ungesubiri," alisema. Hakueleza angesubiri nini, naye hakuulizwa.

Brecht alipata kazi kwenye ghala la matofali. Alisema amechoka, ameacha, hataki kuona tope. Septemba akaanza tena, bila timu, bila mshahara, baba yake akiendesha gari.

Jumatano moja ya Oktoba alimtembelea mama yake. Alikula viazi na nyama ya kuchemshwa kwa bia, akasifu, akaongeza. Kisha akaanza kuzunguka neno kama paka anavyozunguka sahani ya moto.

"Baba amezeeka, Mama. Juzi aliangusha baiskeli bombani. Watu wakamcheka."

"Pole yake."

"Wewe ungekuja mara moja moja tu. Si msimu mzima. Zile za karibu."

Godelieve aliondoa sahani. Alisimama na mgongo kwake, mikono kwenye karai, na kwa mara ya kwanza akamuuliza lile alilokuwa amelibeba tangu Heestervelde.

"Siku ile ya bibi. Ungejua, ungesimama?"

Brecht alikuwa kijana mkweli. Baba yake hakuweza kumwondolea hilo.

"Sijui, Mama," alisema. "Nilikuwa wa saba."

"Basi," alisema Godelieve. "Mimi nilijua, na sikusimama. Wala mimi sikuwa wa saba, wala wa mwisho."

Akamkaangia yai la kula njiani, akalitia ndani ya mkate. Brecht alibaki hapo na mkate ule mbele yake, asijue kama amekaripiwa au amesamehewa, na mama yake hakumwambia. Alipotazama saa akasema lazima aondoke kabla jua halijazama, ana mazoezi ya kukimbia na baiskeli begani, kwenye ngazi za pale mtoni.

"Nenda," alisema Godelieve. "Vaa kofia."

Alimsikia akishuka ngazi mbili mbili. Kisha akakausha vyombo.